Deni limezidi kipato: milango ya msaada jijini Dar, upi wa kugonga na upi wa kupita mbali

Dar es Salaam haina ofisi moja ambayo mtu anaingia na mikataba yake sita na kutoka na mpango mmoja wa kulipa. Ipo milango kadhaa, kila mmoja na kazi yake, na lawama nyingi za "nilienda hawakunisaidia" zinatokana na kugonga mlango usiohusika. Benki Kuu haifuti deni. Kliniki ya msaada wa kisheria haitoi pesa. Serikali ya mtaa haiwezi kushusha riba ya benki. Anayekuahidi vyote vitatu kwa mkupuo, tena kwa ada ya kutanguliza, mkimbie.

Tathmini hii imeandikwa kwa ajili ya kaya ya kawaida ya hapa mjini: mshahara au biashara ndogo, mkopo mmoja wa benki au kampuni, marejesho ya kikundi kila wiki, kausha damu (mkopo wa mtaani wa riba kali) moja au mbili, Songesha (mkopo wa M-Pesa) kwenye laini, mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, na daftari la mangi wa dukani.

Kabla ya mguu, karatasi

Bila karatasi ya madeni, kila ofisi utakayoingia itakusikiliza nusu. Chukua daftari, chora safu nane: mkopeshaji, fedha uliyopokea mkononi, kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, salio la leo, rejesho na siku yake, adhabu ya kuchelewa, dhamana, mdhamini. Safu ya pili na ya tatu ndizo watu huziandika kama kitu kimoja, na hapo ndipo ukweli unapojificha. Tuseme mkataba unasema 300,000. Umekatwa 30,000 ya fomu na "bima", mkononi umepata 270,000, na unatakiwa kurudisha 390,000 ndani ya siku 30. Mkopeshaji atakuambia riba yake ni asilimia 30. Wewe umetumia 270,000 na unalipa 120,000 juu yake, yaani zaidi ya asilimia 44 kwa mwezi mmoja. Kikomo cha riba kwa wakopeshaji wasiopokea amana, wale wa daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Mstari huo mmoja kwenye daftari una nguvu kuliko saa nzima ya kulalamika.

Salio usiliandike kwa kukumbuka. Benki na kampuni zinatoa taarifa ya mkopo ukiomba; mikopo ya simu inaonekana kwenye menyu; kwa kikundi, omba mweka hazina akuonyeshe daftari.

Ukurasa wa pili ni mapato na matumizi. Kodi ya nyumba igawe kwa mwezi hata kama mwenye nyumba anachukua ya miezi mitatu au sita. Weka LUKU, maji, nauli, chakula, ada, dawa. Mchezo ndio unaosahaulika zaidi, kwa sababu watu wanauhesabu kama akiba. Ukishapokea, mchezo ni deni kama mengine, na kijumbe, yule anayekusanya fedha za mchezo, hana subira ya benki. Kinachobaki mwisho wa ukurasa ndicho cha kugawia wadai. Kama ni 180,000, usimuahidi mtu yeyote mpango wa jumla ya 250,000. Mpango unaovunjika mwezi wa pili ni mbaya kuliko kutokuwa nao, maana mkopeshaji anabaki na sahihi yako mpya na wewe huna tena la kumwambia.

Mgawanyo nao usifuate kelele. Anayepiga simu kuanzia alfajiri mara nyingi ndiye asiye na dhamana yoyote mkononi. Wa kwanza ni yule anayeshikilia kitu kinachokulisha au kukulaza: nyumba, kadi ya pikipiki, cherehani, mashine. Wa pili ni deni lenye mdhamini au kikundi nyuma yake, kwa sababu hapo unaumiza mtu mwingine. Waliobaki wanafuata. Mkopo wa laini ni suala la pekee: Songesha inajikata yenyewe kila fedha inapoingia, hivyo 50,000 uliyoitegea rejesho la Ijumaa inaweza kufika ikiwa pungufu. Maliza deni la Songesha mapema, halafu usiliguse tena.

Mkopeshaji mwenyewe: mlango bora, unaogongwa mwisho

Wengi huanza kwa kuzima simu. Ni kosa la gharama, kwa sababu thamani ya mlango huu inashuka kadiri siku zinavyopita. Benki huuhesabu mkopo kuwa chechefu ukipita siku 90 bila kulipwa. Kabla ya hapo meneja wa tawi bado ana nafasi ya kukupangia upya, baada ya hapo faili linahamia kwa watu wa ufuatiliaji na lugha inabadilika.

Afisa mikopo anayekujia nyumbani si mtu wa kupatana naye. Ana lengo lake la wiki na mara nyingi hana mamlaka ya kubadilisha hata tarehe. Barua iende kwa meneja, nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Maneno hayahitaji kuwa mengi:

"Ndugu Meneja, nina mkopo wenye salio la shilingi 2,160,000 na rejesho la 240,000 kila tarehe 25. Mapato ya kaya yangu yameshuka hadi 620,000 kwa mwezi. Jedwali la matumizi na taarifa ya akaunti nimeviambatanisha. Naomba rejesho lishuke hadi 130,000, muda uongezwe kulingana na hapo, tarehe ya kulipa ihamie tarehe 2 baada ya mshahara, na adhabu isimamishwe kwa muda wote nitakaokuwa nalipa kwa wakati. Naomba jibu kwa maandishi."

Kila ombi hapo lina sababu yake. Kuhamisha tarehe peke yake huokoa watu wengi kuliko wanavyodhani, kwani kuna kaya zinazolipa adhabu kila mwezi kwa sababu tu mshahara unaingia siku tano baada ya rejesho. Ombi la adhabu ndilo gumu kupata, na ndilo la kung'ang'ania. Adhabu ikiendelea kupanda juu ya rejesho lililopunguzwa, salio halishuki. Unalipa mwaka mzima na kubaki pale pale.

Kabla ya kusaini ratiba mpya, uliza riba inakokotolewa vipi. Shilingi 1,000,000 kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, miezi sita, riba ikipigwa juu ya kiasi chote cha mwanzo, unarudisha 1,210,000. Riba hiyo hiyo ikipigwa juu ya salio linalopungua, rejesho ni kama 187,700 kwa mwezi na jumla inakuwa kama 1,126,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni karibu 84,000. Anayekujibu "ni 3.5 tu, mama, usijali" hajakujibu.

Panapoharibika mara nyingi ni hapa: unaomba kupangiwa upya, unaletewa mkopo mpya wa nyongeza unaofuta ule wa zamani, wenye ada mpya ya maombi, bima mpya, na adhabu zote zikiwa zimegeuzwa mtaji. Kwenye mkataba utaona kiasi cha mkopo ni kikubwa kuliko salio ulilokuwa nalo, na hukupewa hata mia. Ukiona hivyo, kalamu chini.

Jambo jingine ni mdhamini. Chini ya Sheria ya Mikataba, masharti yakibadilishwa bila ridhaa yake, mdhamini anaweza kuwa ameondoka kwenye udhamini. Ndiyo maana mkopeshaji atataka asaini tena. Nenda naye siku hiyo hiyo na mweleze mwenyewe mapema, asije akasikia kwa afisa mikopo.

Kwa SACCOS utaratibu ni mwepesi zaidi. Barua inakwenda kamati ya mikopo, na mara nyingi kuna njia ya kufidia sehemu ya deni kwa akiba yako. Ikikwama, ofisa ushirika wa manispaa ndiye wa kumwona, kwa sababu SACCOS ziko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. VICOBA wana njia yao, kukata kwenye hisa siku ya kuvunja mzunguko, lakini liandikwe kwenye daftari la kikundi mbele ya wanachama, si kunong'onezana na mwenyekiti.

"Tunanunua deni lako"

Hii ndiyo huduma inayotangazwa kuliko zote, hasa kwa watumishi wa umma, na ndiyo tunayoipa alama ndogo zaidi. Taasisi B inalipa deni lako la taasisi A, inakupa muda mrefu, na juu yake kidogo cha mfukoni. Makato ya mwezi yanashuka kweli. Tazama bei yake.

Salio ni 4,000,000, imebaki miezi 16, riba asilimia 17 kwa mwaka juu ya salio linalopungua: rejesho ni kama 281,000, na hadi unamaliza utakuwa umelipa kama milioni 4.5. Deni likinunuliwa kwa riba hiyo hiyo, likaongezwa ada na bima 120,000, na kusambazwa miezi 60, rejesho linashuka hadi kama 102,000. Unapumua. Lakini jumla utakayolipa ni kama milioni 6.14. Kupumua huko kumekugharimu zaidi ya milioni 1.6, na mfano huu haujaweka zile fedha za mfukoni wanazokushawishi nazo.

Yapo mazingira ambayo inafaa: riba mpya iwe chini kwa kiasi kinachoonekana, muda usizidi sana ule uliobaki, na ile nafuu ya mwezi iende moja kwa moja kuua kausha damu. Kununuliwa deni la benki la asilimia 17 wakati kausha damu ya asilimia 40 kwa mwezi inaendelea kutafuna ni kuziba tundu lisilovuja. Mtumishi pia aangalie hati ya mshahara: utaratibu wa serikali unataka theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato. Afisa anayekuonyesha namna ya kuikwepa kwa makato ya pembeni kwenye akaunti hakusaidii wewe.

Dawati la malalamiko la Benki Kuu

Benki Kuu ina dawati la kupokea malalamiko ya wateja wa taasisi inazozisimamia, na kwa wakazi wa Dar ofisi yao iko Mtaa wa Mirambo, katikati ya mji. Huduma ni bure. Wanachofanya vizuri: riba tofauti na ya mkataba, makato yasiyoelezeka, mkopeshaji anayekataa kukupa nakala ya mkataba au taarifa ya mkopo, dhamana isiyorudishwa baada ya kumaliza. Wasichofanya: kukuombea upunguziwe kwa sababu hali ni ngumu, au kuingilia shauri lililo mahakamani.

Wanaorudishwa mikono mitupu wengi wamevuka hatua ya kwanza. Lazima uwe umelalamika kwa mkopeshaji kwanza, kwa maandishi, na ama amekataa, ama amekaa kimya, ama jibu lake halikuridhishi. Ile nakala yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo tiketi yako. Ambatanisha mkataba, risiti au jumbe za malipo, na ukurasa mmoja wa mtiririko wa tarehe. Hadithi ya kurasa saba hairahisishi kazi ya mtu.

Anza pia kwa kuhakiki leseni. Orodha ya watoa huduma wa daraja la pili wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kwa mikopo ya programu za simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kama programu inayokusumbua haina leseni, lengo linabadilika: unakwenda kutoa taarifa ya ukiukwaji, si kusuluhishwa. Wakianza kuwatumia ujumbe wa kukudhalilisha bosi, shemeji na mchungaji kwa kutumia namba walizozikomba kwenye simu yako, hilo ni suala la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na linapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na saa kabla hujafuta kitu. Ondoa programu ile ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, ingawa walichokwisha kuchukua hakirudi.

Kliniki za msaada wa kisheria: bure, na zinastahili foleni

Kwa kaya yenye deni lililofikia vitisho, hapa ndipo penye thamani kubwa kuliko kokote. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wana kliniki Kinondoni. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, nao husaidia. Shule Kuu ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina utamaduni wa siku nyingi wa kliniki hizi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua pia wasaidizi wa kisheria waliopo ngazi ya kata. Nenda asubuhi, na nyaraka zote, si picha za nyaraka.

Mambo watakayokueleza, na ambayo wadai wengi wanaomba Mungu usiyajue: kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si jinai. Polisi si wakusanya madeni, na "ukifika kituoni tutaelewana" si utaratibu wa kisheria, isipokuwa kama kuna tuhuma ya kweli ya udanganyifu, mfano dhamana ya kughushi. Kikundi au afisa mikopo hana mamlaka ya kuja kubeba vyombo bila amri ya mahakama. Hata amri ikiwapo, Sheria ya Mwenendo wa Madai inavilinda vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za kazi za fundi. Dalali wa mahakama anayefika na kitambulisho bila amri ni mtu mwenye kitambulisho tu.

Kwa nyumba iliyowekwa rehani, Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 60 kabla ya kuuza, na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani halali bila ridhaa ya mwenza. Siku hizo 60 zihesabu kuanzia siku ya kupokea notisi na uiandike tarehe juu ya bahasha. Watu huja kliniki siku ya 55, mwanasheria akabaki na nafasi ya kuandika barua moja tu.

Udhaifu wao: foleni, na mwanasheria mmoja kwa mafaili mengi. Hawatakufuatilia, fuatilia wewe. Na kama deni ni la zamani sana, muulize mwanasheria kabla ya kusaini barua yoyote ya kukiri. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, na kukiri kwa maandishi ndani ya kipindi hicho kunaanzisha hesabu upya.

Serikali ya mtaa

Inafaa kwa madeni ya watu: mangi, mchezo, jirani, mwenye nyumba. Makubaliano yanaandikwa mbele ya mtendaji, mashahidi wanasaini, muhuri unagongwa. Kwa mkopo wa kampuni inasaidia kidogo, na angalia kama mwenyekiti ndiye aliyegonga muhuri barua yako ya kuombea huo mkopo. Baadhi yao wamezoeana na maafisa mikopo kuliko na wewe. Ukiombwa hela ya muhuri, omba risiti.

Ukishtakiwa

Usikimbie wito. Asiyefika anapata hukumu ya upande mmoja, na baada ya hapo mazungumzo yanakuwa ya kukamata mali. Anayefika na karatasi zake mbili, ya madeni na ya matumizi, anaweza kumwomba hakimu alipe kwa awamu, na mahakama ina uwezo wa kuamuru hivyo. Ni mpango wa malipo wenye nguvu kuliko wowote utakaoandikiana na afisa mikopo. Kifungo cha madai kipo kwenye sheria, lakini kinakuja baada ya hukumu na maombi mengine ya mdai, ambaye ndiye hulipia matunzo ya mfungwa. Wengi wanaokitaja kwenye simu hawajafungua hata shauri.

Kufilisika rasmi kwa mtu binafsi nako kupo, chini ya Sheria ya Kufilisika, na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ndiyo yenye dhamana ya masuala ya ufilisi. Kwa deni la milioni tatu nne za kaya ni njia nzito mno: gharama, mahakama, na vikwazo vinavyofuata. Iache kwa mwenye madeni makubwa na mwanasheria wa kumwongoza.

Wa kupita mbali

"Mawakala wa kusafisha jina" wanaoahidi kukufuta kwenye taasisi za taarifa za mikopo. Taarifa iliyo sahihi haifutwi na wakala. Taarifa yenye makosa unaipinga mwenyewe, kwa Creditinfo au Dun & Bradstreet, ukiambatanisha uthibitisho, na mkopeshaji aliyeipeleka ndiye anayeirekebisha. Wa pili ni anayetaka kadi yako ya benki na namba ya siri ili "akusimamie malipo". Hakuna benki inayoruhusu kumpa mtu namba ya siri, na siku akikwangua mshahara wote huna pa kusemea. Wa tatu ni kausha damu mpya ya kulipia ya zamani, hata ikiitwa mkopo wa dharura.

Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hauna riba na watu huuliza kama unaweza kuua madeni. Haukuwekwa kwa kazi hiyo. Kwa kawaida unatolewa kwa kikundi chenye mradi, na fedha ikionekana imekwenda kwa kausha damu, kikundi kizima kinawajibika.

Deni likiisha, usiondoke na "asante, tumemalizana". Dai barua ya kumaliza mkopo yenye tarehe na salio sifuri, mkataba wa awali, hati au kadi ya chombo, na hundi zozote ulizoacha zikiwa tupu lakini zimesainiwa. Kwa rehani iliyosajiliwa, hakikisha imefutwa kwenye daftari la msajili wa hati. Kisha baada ya mwezi au miwili omba taarifa yako ya mikopo, uone kama mkopeshaji amepeleka kwamba umelipa. Asipofanya hivyo, ile barua ndiyo utakayoibeba hadi Mtaa wa Mirambo.